Mshumaa, panya na pistoni iliyotoboka: historia ya nosi, na kwa nini injini zinakufa

Kwenye gereji moja hapa Dar, juu ya meza ambayo fundi anaandikia risiti, kuna pistoni kuukuu inayozuia karatasi zisipeperushwe na feni. Ukiishika utaona ina tundu katikati ya kichwa chake, tundu la kuingiza kidole gumba, na kingo za tundu zimelainika kama nta iliyoyeyuka ikaganda tena. Nilipouliza imekuwaje, fundi akajibu neno moja tu: nosi. Kisha akaongeza, "Ile gesi inaungua kwa moto mkali mno, mdogo wangu."

Hebu tuanze na kauli hiyo, maana nina hakika nawe umeshaisikia mahali. Si kweli. Gesi ile haiungui. Peke yake, ukiielekezea kiberiti, haishiki moto. Kilichotoboa pistoni ya pale mezani ni kitu kingine, na ukikielewa utajua pia ni kwa nini wapo watu wanaotumia nosi miaka na miaka bila injini kufa, na wengine wanaua injini wikiendi ya kwanza.

Wengi wetu tulikutana na nosi kwenye banda la video. The Fast and the Furious ilitoka mwaka 2001: dereva anabonyeza kitufe, taa za barabarani zinageuka mistari, gari linaruka mbele kama limepigwa teke. NOS ni jina la kampuni, lakini limeshakuwa jina la kitu chenyewe, kama vile kila pikipiki ya matairi matatu kwetu ni bajaji hata ikitengenezwa na nani. Gesi yenyewe inaitwa nitrasi oksidi: atomi mbili za nitrojeni zimeshikana na moja ya oksijeni. Ni gesi ileile ya kuchekesha ambayo madaktari wa meno wameitumia tangu karne ya 19.

Mshumaa na panya

Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji wa Kiingereza ambaye siku za kazi alikuwa akihangaika na gesi, aliacha gesi nyingine ya nitrojeni ikae pamoja na unga wa chuma uliolowana. Akapata hewa mpya yenye tabia ya kushangaza. Mshumaa ukiwekwa ndani yake, mwali unakuwa mkubwa kuliko kwenye hewa ya kawaida. Mnyama akiwekwa humohumo (Priestley alizoea kutumia panya) anakufa.

Fikiria ilivyomchanganya. Hewa gani hiyo, inayolisha moto lakini inaua kiumbe hai? Leo jibu tunalo. Oksijeni imo, ila imefungwa. Mapafu yenye joto la digrii 37 hayana uwezo wa kuvunja molekuli ile na kuichomoa. Mwali wa mshumaa unao. Kwenye joto la mamia ya digrii molekuli inapasuka, nitrojeni inakwenda zake, oksijeni inabaki huru kuunguza nta. Na mpasuko wenyewe unatoa joto la ziada.

Tafadhali usimsahau panya huyu, tutamrudia tukifika kwenye mtungi uliofungwa ndani ya gari.

Sehemu ya kicheko nitaipita haraka maana imeandikwa sana. Mwaka 1799 kijana Humphry Davy, akiwa na miaka 20, alianza kuivuta gesi hii huko Bristol, na mwaka uliofuata akaandika kwamba pengine ingefaa kuondoa maumivu kwenye upasuaji. Hakuna aliyemsikiliza. Ilibidi tusubiri mpaka Desemba 1844, pale daktari wa meno Horace Wells wa Hartford, Marekani, alipoivuta yeye mwenyewe na kung'olewa jino. Hospitalini bado ipo, ila huwa inachanganywa na oksijeni. Umeshajua ni kwa nini.

Petroli ni rahisi, hewa ndiyo kazi

Tunapozungumzia nguvu ya gari mawazo yanakimbilia kwenye mafuta. Lakini mafuta si tatizo. Ukitaka petroli nyingi zaidi kwenye silinda, weka pampu kubwa na nozeli pana, umemaliza. Kigumu ni hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na hewa ya uzito huo inajaza zaidi ya lita 12,000. Injini nzima ni pampu inayohangaika kuvuta hewa hiyo kupitia vali nyembamba. Halafu asilimia 23 tu ya uzito huo ndiyo oksijeni. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nitrojeni, abiria asiyelipa nauli.

Sasa linganisha na nitrasi oksidi. Asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni. Inakaa kwenye mtungi ikiwa kimiminika, kwa hiyo kilo moja inaingia kwenye nafasi ya lita moja na kitu tu. Ikitoka kwenye bomba inachemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri na kuipoza hewa yote inayoingia kwenye injini, na hewa baridi hubanana zaidi. Yaani umeipa injini mapafu makubwa kwa sekunde chache bila kubadilisha chuma chochote.

Lakini kumbuka kazi ya gesi hii ni kubeba oksijeni tu. Kinachoungua ni petroli ileile. Ukileta oksijeni ya ziada, lazima ulete na petroli ya kutosha kuifuata.

Walioanza walikuwa angani

Matumizi makubwa ya kwanza ya gesi hii kwenye injini hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye ndege za kivita.

Ukipanda mita 5,500 hivi juu ya bahari, msukumo wa hewa unakuwa nusu ya ule wa ufukweni. Injini za ndege za miaka ya 1940 zilikuwa na kompresa ya kusindilia hewa ili kufidia upungufu huo, lakini kila kompresa ina kimo chake cha mwisho. Ukikivuka, nguvu inaanza kuporomoka kila unapozidi kupanda. Rubani anayehitaji kumfuata adui aliye juu yake anakuta injini imechoka.

Wahandisi wa Ujerumani walitengeneza mfumo ulioitwa GM-1, kifupi cha maneno yenye maana ya mchanganyiko wa Göring, kwa jina la mkuu wa jeshi lao la anga. Nitrasi oksidi ilipulizwa kwenye njia ya hewa ya injini, na nguvu iliyopotea ikarudi. Uliwekwa kwenye aina fulani za Messerschmitt Bf 109 na Junkers Ju 88, miongoni mwa nyingine. Mwanzo gesi ilibebwa kwenye mitungi ya msukumo mkubwa. Baadaye ikabebwa ikiwa kimiminika kilichopozwa sana kwenye tangi lililofungwa vizuri kuzuia joto, kwa sababu tangi hilo lilikuwa jepesi na halikuwa bomu likipigwa risasi. Mwaka 1944 Waingereza nao wakafunga mfumo wa gesi hiyohiyo kwenye baadhi ya ndege zao za usiku aina ya Mosquito.

Hapa kuna jambo ambalo mazungumzo ya nosi vijiweni huliruka, na kwangu ndilo kiini cha habari yote. Rubani hakufungua gesi ile akiwa chini. Aliifungua baada ya kuvuka kimo ambacho kompresa ilishashindwa. Pale juu silinda zilikuwa na njaa, zikipata hewa pungufu kuliko zilivyoundwa kupata. Gesi ikairudisha injini karibu na kiwango ambacho pistoni zake, vali zake na gasketi zake zilishakipimwa na kukimudu. Ndege ilikuwa inarudishiwa kilichochukuliwa na kimo.

Gari lako pale Kigamboni halijanyang'anywa kitu. Lipo usawa wa bahari, silinda zinashiba hewa yote ambayo mtengenezaji alizipigia hesabu. Nguvu yoyote utakayoongeza pale ni mkopo, na dhamana umeweka pistoni.

Nairobi mambo yanatofautiana kidogo. Jiji liko mita 1,795 hivi juu ya bahari, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo, ambayo ufukweni inatoa nguvu za farasi 100, kule inatoa kama 82. Ukiipulizia gesi ya kuongeza farasi 18 umefanya kile alichofanya rubani, umelipwa deni lako tu. Shida ni kwamba vifaa vidogo kabisa sokoni kwa kawaida huanzia farasi 25 au 50, na sijawahi kusikia mtu amenunua nosi ili gari lake lirudi kuwa la kawaida.

Viwanja vya mbio na injini zilizokufa

Vita ilipoisha injini za jeti zikatawala anga, na nitrasi oksidi ikakosa kazi. Walioiokota ni wakimbiza magari wa Marekani, na kwa muda mrefu waliitumia kwa kificho. Kisa kinachotajwa sana ni cha Daytona, Februari 1976. Baada ya mbio za kupanga nafasi za kuanzia, wakaguzi wa NASCAR walifuta muda wa A. J. Foyt, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza, na wa Darrell Waltrip pia, kwa sababu ya gesi hiyo. Miaka miwili baadaye, 1978, Mike Thermos na Dale Vaznaian walianzisha kampuni ya NOS kule California na kuanza kuuza seti kamili kwa mtu yeyote mwenye gari.

Kati ya kificho na duka kulikuwa na kipindi kirefu cha kujaribu na kuharibu. Ndiyo maana ukifungua boksi la seti nzuri leo utakuta vitu vingi kuliko mtungi na bomba. Nyuma ya kila kimoja kuna injini ya mtu iliyokufa.

Turudi kwa pistoni ya fundi wangu. Gesi ilikuja, oksijeni ikajaa, petroli haikutosha. Labda pampu ilikuwa ndogo, labda chujio lilikuwa limeziba. Mchanganyiko wenye oksijeni nyingi na mafuta machache, chini ya msukumo mkubwa namna ile, unapata joto la kutisha. Sehemu ya mchanganyiko ambayo mwali haujaifikia inalipuka yenyewe kwa pamoja, badala ya kuungua kwa mpangilio. Mafundi wanasema injini inagonga, na kweli utasikia kama mtu anapiga nyundo ndogo ndani. Kila mgongo unabandua tabaka jembamba la gesi linalokinga chuma dhidi ya joto. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na moto ulio juu yake unapita 2,000. Sekunde chache zinatosha.

Kwa hiyo kuna swichi ya msukumo wa mafuta: petroli ikipungua kwenye bomba, gesi inakatwa papo hapo. Kuna aina ya mfumo unaopuliza gesi na petroli yake pamoja kwenye nozeli moja (mafundi wanauita mfumo wa maji), na ule mkavu unaopuliza gesi peke yake na kutegemea kompyuta ya gari iongeze mafuta. Watu hubishana upi ni salama. Kwa maoni yangu ubishi huo hauna tija sana. Mkavu ukifungwa na mtu anayeelewa kompyuta ya gari lako hauna tatizo, ila kwa magari yetu ya mtumba yenye nozeli zilizokwishachoka ningeanza kwa kuzipima hizo nozeli na pampu, kabla ya kuulizia bei ya mtungi.

Kuna swichi kwenye kanyagio, inayoruhusu gesi pale tu umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Kuna kidhibiti cha mizunguko, ambacho hakiruhusu gesi kabla injini haijafika kama mizunguko 3,000 kwa dakika. Hiki kilitokana na milipuko. Injini ikizunguka polepole, gesi na petroli vinaingia haraka kuliko silinda zinavyoweza kumeza, vinarundikana kwenye njia ya hewa, kisha cheche moja iliyorudi nyuma inapasua kila kitu chini ya boneti. Na usije ukafungua gesi injini ikiwa imezima "kujaribu kama inatoka".

Halafu taimingi. Mchanganyiko wenye oksijeni nyingi unaungua kwa kasi zaidi, kwa hiyo cheche inabidi ichelewe kidogo, la sivyo msukumo mkubwa utamkuta pistoni bado anapanda. Kanuni ya mkono ya mafundi ni kama digrii 2 kwa kila farasi 50 zilizoongezwa, na plagi za baridi zaidi kuliko zilizokuja na gari. Ni kanuni ya kuanzia, gari lenyewe ndilo litakalosema.

Na kiasi? Watengenezaji wengi hukubaliana kwamba injini nzima ya silinda nne, isiyofanyiwa kitu ndani, isivuke farasi 50 za ziada hivi. Neno "nzima" ndilo zito. Injini iliyokwishatembea kilomita 200,000 Japani kabla haijafika bandarini kwetu imeshakopa vya kutosha.

Mtungi juani

Injini ikifa unalia pesa. Mtungi ni habari nyingine.

Nitrasi oksidi ndani ya mtungi ni kimiminika chenye mvuke juu yake, na msukumo unategemea joto. Kwenye nyuzi 20 ni kama mara 50 ya msukumo wa hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 30 unapita mara 60, ambapo ndipo wakimbiza magari wanapopapenda. Huko Ulaya na Marekani wananunua hita za kupasha mtungi ili ufike hapo. Dar mwezi wa Februari hita hiyo unayo bure.

Ila kuna mpaka. Kwenye nyuzi 36.4 kimiminika na mvuke vinaacha kuwa vitu viwili. Juu ya hapo hakuna kimiminika tena, kuna kitu kimoja kizito kinachojaza mtungi wote, na msukumo unapanda kwa kasi kwa kila nyuzi inayoongezeka. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani mchana wa Dar linavuka nyuzi 36 bila shida yoyote. Zaidi ya hapo, kati ya nyuzi 20 na 30 tu kimiminika hiki kinavimba kwa zaidi ya asilimia 10. Mtungi uliojazwa kupita uzito ulioandikwa juu yake hauna nafasi ya kuvimbia. Ndiyo maana unajazwa kwa mizani, na ndiyo maana kwenye vali yake kuna kisahani chembamba cha chuma kilichotengenezwa kipasuke kabla mtungi haujapasuka. Kisahani hicho hakibadilishwi na sarafu wala kipande cha bati, na kinapaswa kuwa na bomba la kutoa gesi nje ya gari.

Hapa anarudi panya wa Priestley. Kisahani kikipasuka na mtungi uko nyuma ya kiti chako bila bomba la nje, gari zima linajaa hewa ambayo mshumaa utaipenda na wewe hutaiweza. Gesi ya magari Marekani huongezwa salfa dioksidi kidogo, kama sehemu 100 kwa milioni, ili mtu asijaribu kuivuta kwa starehe. Anayevuta mara kwa mara anaharibu vitamini B12 mwilini mwake, na mishipa ya fahamu inafuata.

Jambo la mwisho la mtungi ni grisi. Nilisema gesi haiungui peke yake. Lakini ikipashwa joto vya kutosha inaweza kuvunjika yenyewe, na mpasuko ukasambaa kupitia gesi yote. Julai 2007 huko Mojave, California, wafanyakazi watatu wa Scaled Composites walikufa kwenye jaribio la mfumo wa nitrasi oksidi wa roketi, na hapakuwa na injini iliyowashwa. Agosti 2016 tangi lililipuka kwenye kiwanda cha gesi hii huko Cantonment, Florida, na mfanyakazi mmoja akafa. Wachunguzi waliona kwamba pampu iliyokuwa ikihamisha gesi yaelekea ndiyo iliyoipasha joto mpaka ikaanza kuvunjika. Mafuta na grisi vikiwa humo ndani vinakuwa chakula cha mpasuko huo. Kwa hiyo fundi mwenye mikono ya oili, anayetaka kulainisha nyuzi za vali ya mtungi ili ifunguke vizuri, mzuie. Na anayetaka kuupasha mtungi kwa jiko la gesi, ondoka pale kwanza, utamshauri kwa simu.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unaitaka, anza na nozeli ndogo kuliko zote kwenye boksi. Puliza mara moja, sekunde tatu au nne, mahali pasipo na barabara ya watu. Zima injini papo hapo, usirudi nyumbani ukiendesha taratibu, maana safari hiyo itafuta ushahidi. Ngoja ipoe, fungua plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda zake, kisha chukua kioo cha kukuzia uangalie ule udongo mweupe unaozunguka ncha. Ukiona vidoa vidogo vya rangi ya fedha, kama chumvi iliyonyunyizwa, usiongeze nozeli na usipulize tena. Hiyo ni alumini, na kwenye silinda kuna sehemu moja tu inayoweza kuwa imetoka.